Orodha na Majina Yake

Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds (2006) imesomeshwa sekondari kwa miaka mingi, Dar mpaka Ujiji. Furaha anakufa kwa UKIMWI, anaacha barua isomwe mazishini, na wanaume kadhaa, padri akiwemo, wanatetemeka wakidhani ina majina yao. Kumbe haina. Wahakiki husifu hapo: unafiki umeumbuliwa. Sawa, lakini naona mwandishi ametuachilia mapema mno.

Nje ya jukwaa orodha huwa ya majina kweli. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Lakini Februari 2017 Wizara ya Afya yenyewe ilikuwa imevizuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Sasa mfikirie mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana. Kadi ya kliniki inataja jina la kiume, yeye amevaa gauni. Akiwa Kigoma, mwisho wa reli, ambako muuza dagaa wa Kibirizi anamjua yeye na ukoo wake, akimbilie wapi? Furaha ana mama. Huyu pengine mama ndiye aliyemfukuza.

Anakimbilia kwa wenzake. Mwenzake humfuatia dawa, humkumbusha tarehe ya kliniki, humpa pa kulala. Kyengera, nje ya Kampala, ilikuwapo nyumba ya namna hiyo, ya vijana waliofukuzwa kwao, wanawake hawa wakiwemo. Tarehe 29 Machi 2020, wakati wa korona, watu 23 walikamatwa humo. 19 wakakaa gerezani hadi Mei, kesi ikafutwa. Shtaka: kitendo cha uzembe kinachoweza kueneza ugonjwa. Hebu tulisome shtaka hilo kama matini. Msimulizi wake anaona msongamano tu. Nao walikuwa nyumbani kwao! Neno “familia” ndilo lililokosekana katika msamiati wake, na tukisema kweli, hata katika riwaya zetu za UKIMWI faraja hutoka kwa mzazi, mke au padri.

Kuna mhadhiri atakayesema eti mada hii si ya kwetu. Mimi nikipewa Orodha niiongoze jukwaani pale Ujiji, barua nitaiacha kama ilivyo. Nitambadilisha msomaji: aisome mmoja wa dada hawa, baba wa marehemu akiwa amesimama pembeni.