Kudogosha si kudunisha: Kasoro ya 'vijidude' katika tafsiri za sayansi

Katika tafsiri kadhaa za habari kuhusu setilaiti za mawasiliano ya kijeshi, nimekutana na neno 'vijidude'. Eti setilaiti hizi zina uwezo mkubwa kwa sababu zimejaa 'vijidude vya elektroniki'. Jamani, hivyo ni vijidude gani?

Tafsiri hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kisarufi. Aliyefunzwa ukubwa na udogo wa nomino shuleni anajua kwamba viambishi ki-ji mara nyingi hubeba dharau. Ukimwita mtu 'kijitu', umemtukana. Ndiyo maana hali hii huitwa pia udunishaji. Sasa, mhandisi anayepunguza umbo la kifaa hakidunishi. Anakidogosha.

Hebu tuitazame historia. Redio za zamani zilitumia valvu za kioo ambazo zilikula umeme mwingi, zikapata moto na kuungua. Transista, iliyobuniwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka wa 1947, ilifanya kazi iyo hiyo kwa umeme kidogo. Mnamo 1958, Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha saketi ambayo sehemu zake zimo katika kipande kimoja. Kufikia Juni 1966, jeshi la Marekani liliweza kurusha setilaiti saba za mpango wa IDCSP kwa roketi moja, kila moja ikiwa na uzani wa takriban kilo 45. Baadaye zilipitisha picha kutoka Vietnam hadi Washington. Bila kudogosha vifaa, roketi hiyo ingebeba ngapi?

Kasoro ya pili ni ya kimaana. 'Kijidude' hakituambii kifaa kinafanya kazi gani. Ni transista? Ni kikuza mawimbi? Ni saketi ya kusimba ujumbe? Transista inavyozidi kuwa ndogo, ndivyo inavyohitaji chaji kidogo, na chembe moja tu ya mnururisho yaweza kugeuza 0 ikawa 1. Huko juu hakuna fundi wa kuitwa. Na katika vita, amri iliyopotoshwa huua watu. Mwanafunzi wa uhandisi ataielewaje hatari hii akiambiwa kuna 'kijidude' kimeharibika?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Sikubali. Transista, saketi, mnururisho na kusimba ni maneno tuliyo nayo. Wanaoyahitaji pia wapo: mwaka wa 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka angani setilaiti yake ya kiraia, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Nani atathubutu kuiita kijidude?

Wahenga walionya tusidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Mfasiri akikwama, basi na aeleze kazi ya kifaa kwa maneno ya kawaida. Atatumia mstari mmoja zaidi, lakini msomaji atakuwa ameelewa.