Ukuta, Kanzu na Baraza: Uchambuzi wa Picha Moja ya Sikukuu

Picha ninayoichambua leo ina watu kumi na wanne. Babu amekaa kwenye ncha ya baraza, kanzu nyeupe, kofia ya viua imemkaa sawasawa. Pembeni yake yuko Bibi katika buibui jeusi, mikono yenye hina imetulia magotini. Watoto wao wanne wameketi baada yao, wengine wawili warefu wamesimama kwenye kizingiti cha mlango, na wajukuu sita wako mbele juu ya mkeka, kila mmoja na nguo yake mpya. Niliipiga Mji Mkongwe, Unguja, asubuhi ya Idi el-Fitri ya mwaka 2025, iliyoangukia mwishoni mwa Machi.

Wengi walioiona wameniuliza natumia kamera gani. Kamera ilifanya kazi yake, siikani. Lakini vitu vitatu vilivyoijenga picha hii nilivikuta pale pale: ukuta uliopakwa chokaa, kanzu ya Babu, na baraza ya nyumba. Nawaandikia wapiga picha wenzangu, hasa vijana wanaojinyima mwaka mzima ili wanunue taa, niwaoneshe kila kimoja kilifanya kazi gani.

Saa ya kupiga

Familia ilitaka kupigwa jioni, Forodhani, jua likizama baharini. Ni ombi la haki, kwani bustani ile inatazama magharibi na nuru yake ya jioni ni nzuri mno. Niliwaeleza kwa nini picha kubwa tuipige asubuhi.

Sisi tuko karibu na ikweta, kiasi cha nyuzi 6 kusini. Kwetu jua hushuka wima, kama nazi inayoanguka. Kwa kuwa husogea nyuzi 15 kwa saa, zile nyuzi 6 za mwisho, ambazo ndizo zenye nuru laini ya rangi ya asali, huzimaliza kwa dakika 24 hivi. London, mwezi Juni, jua hushuka kwa mshazari na kazi hiyo hiyo hulichukua karibu mara mbili ya muda huo. Mafunzo mengi yanayosifu nuru ya jioni yameandikwa na watu wa huko. Anayeyafuata neno kwa neno akiwa Unguja atakuta nuru imemtoroka bado anapanga watu.

Kuna jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Mwishoni mwa Machi jua la Unguja huzama karibu saa 12 na nusu, na likizama tu, Magharibi inaadhiniwa. Wanaume wanakwenda msikitini. Wakirudi, ule mwanga wa buluu unaobaki angani, ambao kwetu hudumu dakika ishirini na kitu, umekwisha. Mpiga picha asiyeijua saa ya sala atajikuta ana bahari nzuri na nusu ya familia.

Mchana nao haufai. Jua la Machi hupita karibu utosini, likayageuza macho kuwa mashimo na ukingo wa kofia ukachora kivuli kwenye paji la uso. Ikabaki asubuhi. Saa tatu, baada ya sala ya Idi na kabla watu hawajatawanyika kwenda kuamkia jamaa, wote wako pamoja, wamekoga, wamenukia, na nguo hazijapata doa.

Ukuta unaomulika

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu. Saa tatu asubuhi jua halijafika chini, ila linapiga sehemu ya juu ya kuta zinazotazama mashariki. Ukuta mweupe ukipigwa na jua unakuwa taa: unautawanya mwanga na kuurudisha chini ukiwa mpole, mpana, usio na makali.

Basi niliiweka familia upande wa mashariki wa uwazi mdogo panapokutana vichochoro viwili, ikiwa kivulini na ikiutazama ukuta unaong'aa. Ukuta ule ulikuwa na upana wa mita kadhaa. Hakuna mwavuli wa studio unaoweza kubebwa begani ukafikia ukubwa huo.

Ukubwa wa mwanga una maana ya pekee kwa ngozi zetu. Ngozi nyeupe huchorwa zaidi na vivuli, ilhali ngozi nyeusi huchorwa zaidi na mng'ao: pale mwanga unapoteleza kwenye kipaji, kwenye shavu, kwenye daraja la pua. Mwanga mdogo na mkali, kama flashi ya kwenye kamera, huacha vidoa vyeupe vya jasho. Mwanga mpana huweka mng'ao mrefu na laini, na uso unapata umbo. Kwenye picha, shavu la Bibi lina mstari wa nuru kuanzia chini ya jicho hadi karibu na kidevu. Mstari huo ni ukuta wa jirani.

Ukuta wa nyuma nao ulihitaji hesabu. Mlango wa nyumba ile ni wa mbao nzito zilizochongwa, na kwa umri umekuwa wa rangi ya kahawa. Buibui jeusi mbele ya mlango mweusi lingemeza mabega ya Bibi, tukabaki na uso unaoelea. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe ingepotea vile vile. Kwa hiyo Babu alikaa upande wa mlango, Bibi upande wa ukuta, nami nikajisogeza pembeni mpaka mbao zikakaa barabara nyuma ya kanzu. Kila mmoja akapata mpaka wake.

Kanzu na buibui

Hapa ndipo picha nyingi za sikukuu zinapoharibika. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kanzu wala buibui. Kimetengenezwa kiamini kwamba kila kinachokitazama kina rangi ya kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Kanzu iliyofuliwa ikapigwa pasi hurudisha karibu mara tano ya hapo. Kamera ikiiona, hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na matokeo yake kanzu inakuwa ya kijivu na nyuso zinazama gizani. Ikiona mabuibui mengi hufanya kinyume: huongeza mwanga, darizi za shingoni mwa kanzu zinafutika, nyuso zinaungua.

Dawa yake ni kuinyima kamera uamuzi. Niliweka kila kitu kwa mkono, nikapima mwanga kwenye shavu la Babu peke yake, nikapunguza hatua moja, yaani nusu ya mwanga, ili ngozi ibaki na weusi wake halisi badala ya kusukumwa iwe kijivu. Kisha nikaitazama kanzu kwenye skrini: darizi zinaonekana? Zilionekana. Nikafunga vipimo hapo: tundu la lenzi f/5.6, kasi 1/250 ya sekunde, ISO 400. Sikuvigusa tena mpaka tulipomaliza.

Tabu hii ya ngozi nyeusi na vifaa vya picha ina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizozoeleka kwa jina la Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine imepimwa. Sisi tuliotoka weusi tititi, meno na macho pekee yakionekana, hatukuwa kwenye hesabu. Kamera za leo ni bora sana, lakini ukiziacha zijiamulie bado hukosea kwetu. Ndiyo maana nashikilia kanuni moja: uso kwanza, nguo baadaye.

Baraza na hesabu ya watu

Baraza iliwapa wazee mahali pa kukaa pasipo viti vya kuazima, na ikanipa ngazi: walio juu ya mkeka chini, walioketi barazani katikati, waliosimama kizingitini juu. Hakuna uso uliofunika uso. Mimi nilipiga goti, kamera ikawa usawa wa macho ya Bibi. Ukimpiga mzee aliyeketi huku umesimama, unamwangalia kwa juu, na picha inamfanya mdogo. Goti ni adabu, na ni ufundi pia.

Vijana wengi hupenda lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa mpaka f/1.8 ili nyuma pawe ukungu. Kwa mtu mmoja inapendeza. Ukiwa mita 3 kutoka kwake, kwenye kamera ya kihisio kikubwa, sehemu iliyo makini haizidi sentimita 13 au 14. Kati ya mjukuu aliye mkekani na bibi yake barazani kuna karibu mita nzima. Mmoja wao angetoka na ukungu. Nilichukua lenzi ya milimita 35, nikakaa mita 5, kwa f/5.6. Hapo kila kitu kuanzia mita 3 hivi kwenda mbele hadi kama mita 15 kinakaa makini. Wote kumi na wanne walikuwa salama.

Likabaki suala la macho kufumba. Watafiti wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walilipigia hesabu na kutunukiwa Ig Nobel mwaka 2006. Kanuni yao ni rahisi: kwa kundi lisilozidi watu 20, gawanya idadi ya watu kwa tatu mwanga ukiwa mzuri, au kwa mbili ukiwa hafifu, upate idadi ya picha za kupiga ili uwe karibu na uhakika wa kupata moja ambayo hakuna aliyefumba. Watu 14 kwa tatu ni picha 5. Nilipiga 9, kwa sababu wajukuu wana hesabu yao wenyewe. Iliyochaguliwa ni ya sita.

Usiku wa sikukuu

Jioni tulikwenda Forodhani kama walivyotaka, wajukuu wakiwa na pesa zao za mkono wa Idi mfukoni. Huku sikupanga mtu. Taa za wauza mishkaki na miwa ni za LED za kila rangi, na nyingi huwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa hizo humeta mara 100. Ukipiga kwa 1/500 utapata mistari ya giza kwenye picha. Nilibaki 1/100, nikangoja watoto watulie wenyewe, kwa mfano pale mmoja anapouma mshikaki kwa mara ya kwanza.

Kuhusu rangi, kanzu ilinisaidia tena. Nilimwomba mjomba wao asimame sekunde moja chini ya taa ya meza, nikaiambia kamera kwamba nguo ile ndiyo nyeupe, na ngozi zote zikaacha ukijani.

Huko huko wageni wao wawili waliotoka Dar es Salaam walinionesha picha za simu walizopigana mchana kwenye boti, nao hawakuzifurahia: wamekunja nyuso, kofia imewaficha macho. Shauri langu kwao lilikuwa dogo. Safari ijayo wasimame chini ya paa la sitaha wakiitazama bahari iliyo juani. Maji hurudisha mwanga kutoka chini, nao huingia chini ya ukingo wa kofia mahali jua haliwezi kufika.

Baada ya kupiga

Kabla sijaondoka nilimwamkia Bibi na kumuaga. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Picha nzuri, ila usije ukanitembeza kwenye masimu ya watu." Nilimwahidi, na ndiyo maana mnaisoma picha hii kwa maneno bila kuiona. Ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kusambaza. Wapiga picha tuiheshimu tofauti hiyo kama tunavyoheshimu mlango wa mtu.

Siku ya nne nikawapelekea picha iliyosafishwa kwenye karatasi, ndani ya fremu. Nimejifunza kwa waliotutangulia. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini hapa mwaka 1930, na mpaka leo tunazijua sura za Unguja ya zamani kwa sababu kazi yake ilikuwa kwenye filamu na karatasi, ikatunzwa na mwanawe. Na Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilipoporomoka, watu walifungua albamu za nyumbani wakamtazama marehemu mama amesimama Forodhani, na nyuma yake jengo zima na mnara wake. Aliyempiga mama siku ile alikuwa anapiga picha ya familia tu.

Kwa hiyo kabla ya kununua taa, zunguka mtaani kwako saa tatu asubuhi. Tafuta ukuta unaong'aa na baraza inayoutazama, uwaite wazee wako wakae hapo. Ukishawapiga, isafishe picha, uipe kila nyumba nakala moja.