Paketi Imeishia Wapi?

Ramani ya pango imepakiwa, majitu yamepangwa mahali pao, dadu yenye pande 20 inangoja kurushwa kwa kubonyeza kitufe. Mwenye mchezo, kijana wa Mtopanga kule Kisauni, Mombasa, ametuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Mwenzake wa Mtongwe, ng'ambo ya feri, anabonyeza: kiduara kinazunguka weee, kisha skrini inasema ukurasa haupatikani. Wa Chaani, Changamwe, vivyo hivyo. Wa nne yuko Muscat, ambako saa ziko mbele kwa saa moja, na kesho ana zamu ya asubuhi. Ameanza kuuliza kama mchezo upo au haupo.

Hapo watu wengi huzima ruta, wakaiwasha, wakaizima tena, kisha wakaanza kugusa kila kitufe wanachokiona. Fundi ninayetaka kumsifu hagusi kitu. Anavuta kiti, anakaa, anauliza: "Mchezo wenyewe umewaka?"

Swali hilo huwaudhi vijana. Ramani si hiyo hapo, inaonekana? Lakini yeye ana sababu yake, na nitaifikia. Ni mmoja wa wale mafundi wa bara ya Mombasa ambao mchana huvuta nyaya za faiba kutoka nguzo hadi nguzo, na magharibi ikishaingia huitwa majumbani. Habari za majitu na wachawi hazimhusu. Yeye ni mtu wa drafti, ile ya vifuniko vya soda. Nimemtazama akifanya kazi hii mara kadhaa na kilichonivutia ni kimoja: hakisii. Anaikata njia vipande, kisha anauliza paketi, yaani kifurushi cha data, imeishia kipande gani.

Michezo ya namna hii ilizaliwa mezani. Dungeons & Dragons, mama yao, ilitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson ikachapishwa Marekani mwaka 1974, ikachezwa kwa karatasi, penseli na dadu. Wachezaji walipotawanyika, meza ikahamia kwenye intaneti. Programu kama Foundry, iliyotoka mwaka 2020, hukaa kwenye kompyuta ya mwenye mchezo, na wengine huingia kwa kivinjari tu. Anayenunua leseni ni yeye peke yake, tena mara moja. Kwa vijana wanaochangishana bando, huo ni unafuu mkubwa. Gharama yake ni kwamba laptopu ya chumbani Mtopanga inageuka kuwa seva, na watu wa nje lazima waifikie.

Kuifikia ndiko kugumu. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Shirika la IANA liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC, inayogawia Afrika, iliingia katika awamu ya mwisho ya mgao wa kubana Januari 2020. Kwa hiyo nyumba nzima hutumia anwani moja. Ni kama sanduku la posta la shule. Wengi wetu tuliolelewa Likoni au Changamwe hatukuwa na sanduku la nyumbani. Barua zilikuja kwa nambari ya shule, na karani alisoma jina juu ya bahasha ndipo akajua ampe nani. Ruta ndiyo karani. Ukiandika wewe kwanza, anakumbuka na jibu likija anakuletea. Lakini barua ikitoka kwa mtu asiyemjua, bila jina la mpokeaji, anaitupa, na kwa haki kabisa. Kazi ya fundi ni kumwachia karani agizo: chochote kitakachokuja kwa poti 30000, ambayo Foundry huitumia isipobadilishwa, kipeleke kwenye laptopu ya huyu kijana.

Kwa maelezo hayo ni kazi ya dakika tano. Ingekuwa hivyo, nisingekuwa na la kuandika.

Turudi kwenye swali la kuudhi. Poti haifunguki kwa agizo la ruta pekee. Lazima upande wa ndani kuwe na programu inayoisikiliza. Mtu anaweza kufunga Foundry, akaenda kwenye tovuti ya kupima poti, akaambiwa imefungwa, kisha akahangaika na ruta mpaka alfajiri ilhali ruta haina kosa. Fundi anaanza ndani kabisa. Anafungua kivinjari kwenye laptopu ile ile na kuandika 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta hujiitia yenyewe, akifuatisha nambari ya poti. Mchezo ukitokea, kipande cha kwanza ni kizima. Kisha anachukua simu ya mwenye nyumba, iliyo kwenye WiFi ile ile, anaandika anwani ya laptopu ya ndani ya nyumba, tuseme 192.168.1.24. Simu ikikwama hapo, ruta inaachwa ilivyo. Kosa liko kwenye ukuta wa ulinzi wa Windows, ambao siku ya kwanza uliuliza "niruhusu?" na kijana, akiwa na haraka, akabonyeza hapana.

Kuna wanaouzima ukuta huo wote ili mambo yaende, na wengine huielekeza kompyuta nzima nje, poti zote zaidi ya 65,000, kwa kitufe kimoja cha ruta kinachoitwa DMZ. Mambo huenda kweli. Fundi huyu hafanyi hivyo, na nadhani hapo ndipo ufundi unapoachana na ujanja. Anatafuta ruhusa ya programu moja, kwa poti moja, basi.

Anachokitazama baadaye ni kitu ambacho bara ya Mombasa inakijua vizuri: stima kupotea. Umeme ukirudi, ruta huamka na kugawa anwani upya. Laptopu iliyokuwa 24 inaweza kuamka ikiwa 31, na agizo likaendelea kupeleka paketi kwa 24, ambayo sasa ni runinga ya sebuleni au si mtu yeyote. Kijana anaapa kwamba jana ilifanya kazi, na ni kweli. Dawa ni kuitengea laptopu anwani yake kwenye ruta, kwa alama ya kadi yake ya mtandao. Nayo ina mtego: laptopu ina kadi mbili, ya waya na ya WiFi, kila moja na alama yake. Baadhi ya mifumo ya siku hizi huibadilisha ile ya WiFi makusudi ili mwenyewe asifuatiliwe. Yeye huchomeka waya, kisha hutenga anwani ya waya. Kabla ya hapo huchomoa kichwa cha waya na kuvitazama vijishaba vyake kwa tochi ya simu, kwa maana hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na shaba.

Sasa agizo lenyewe. Aina ya usafiri, TCP au UDP? Foundry inataka TCP. MapTool, programu nyingine ya meza, nayo ni TCP lakini poti yake ya kawaida ni 51234. Kuna michezo inayotaka UDP, na mtu aliyenakili maelekezo ya mchezo mmoja kwa ajili ya mwingine atakesha. Fundi husoma agizo kwa sauti, polepole, herufi kwa herufi, kama anayehakiki hundi. Hubadilisha kitu kimoja, hupima. Kisiposaidia, hukirudisha kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine. Kila akifanya hivyo namwona kijana akijikunakuna kichwa kwa kukosa subira, na mimi pia. Lakini mwisho wa kazi yake hakuna mabaki, yaani maagizo manne ya zamani yanayogombania poti moja ambayo hakuna anayekumbuka nani aliyaweka.

Kupima nako kuna adabu yake. Ruta nyingi haziwezi kuirudisha ndani paketi iliyotoka ndani ikielekea anwani ya nje ya ruta hiyo hiyo, kwa hiyo ukipima kwa anwani ya nje ukiwa kwenye WiFi ya nyumbani unaweza kuambiwa hapana wakati Mtongwe wanaingia bila shida. Fundi huzima WiFi ya simu na kutumia data ya laini. Halafu anasikiliza aina ya jibu, na hapa ndipo ninapomhusudu. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, hiyo ni habari njema: paketi imefika kwenye kompyuta fulani, ila hakuna programu inayoingoja. Ikija kimya, sekunde zikapita mpaka muda ukaisha, basi kuna mahali imetupwa au haijafika. Kukataliwa humpeleka kwenye programu. Kimya humpeleka kwenye kuta na njia. Ila Windows ina desturi ya kunyamaza hata pale ambapo ingestahili kukataa, kwa hiyo kimya chake hakiamini moja kwa moja.

Chombo anachokipenda zaidi kiko kwenye ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia, ambazo watoaji wadogo wa WiFi za mitaa wanazitumia sana. Ndani yake kila agizo lina kihesabio pembeni. Anamwambia wa Mtongwe kwa simu, "Haya, bonyeza sasa, kaka," na macho yake hayaendi kwenye mchezo. Yako kwenye nambari ile. Ikipanda, paketi imevuka bahari na kugonga hapa, na tatizo ni la ndani. Isipopanda, hata kama kijana atabadilisha laptopu, atasakinisha Windows upya na kumwita shehe aisomee ruta, haitasaidia kitu. Nambari moja ndogo inafuta nusu ya dhana zote kwa mpigo.

Isipopanda, anafungua ukurasa wa hali ya ruta na kusoma anwani ya upande wa nje, kisha anailinganisha na ile ambayo tovuti za intaneti zinaiona. Zikitofautiana, kuna karani mwingine mbele. Mara nyingine ni jambo la nyumbani: kisanduku cha kampuni ya faiba kinafanya kazi ya ruta, na kijana amenunua ruta yake akaichomeka nyuma yake. Hapo moja inanyimwa ukarani ibaki kupitisha tu. Mara nyingine ni WiFi ya mtaa, jengo zima likishiriki ruta moja iliyoko kwa mwenye biashara, na fundi hupanda ngazi kwenda kumwomba kwa heshima. Anwani ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, anaweka simu mezani. Fungu hilo lilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Karani wa pili yuko kwenye ofisi za kampuni, na hapokei maagizo ya Mtopanga.

Hapo hadanganyi mtu. "Hii si ruta yako, kijana wangu. Hapa hakuna kitufe cha kubonyeza." Nimeona mafundi wengine wakifika hapo wakaendelea kubonyeza, kwa kuwa anayebonyeza hulipwa na anayesema haiwezekani hutazamwa vibaya. Yeye hueleza njia zilizobaki: kuilipia kampuni anwani ya peke yako, kutumia IPv6 kama kampuni inaitoa na wachezaji wote wanayo, au kupitisha mchezo ndani ya njia ya siri ya WireGuard hadi kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya wazi.

Hiyo ya tatu ndiyo wengi huichukua, na inaleta kichekesho cha jiografia. Seva ikiwa Ulaya, dadu iliyorushwa Kisauni kwa ajili ya mtu wa Likoni huzama baharini, hupita Bahari ya Shamu, ikafika huko na kurudi, ilhali wawili hao wametenganishwa na kisiwa kimoja na vivuko viwili. Kenya ililiona jambo hili zamani. Novemba 2000 watoaji wa huduma walifungua kituo cha kubadilishana data Nairobi, KIXP, ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya isipande setilaiti na kuzuru ng'ambo. Telkom Kenya ililalamika, kituo kikafungwa katika muda wa wiki mbili, na hakikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Nyaya za baharini za TEAMS, inayotoka Fujairah, na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009 na kuuondoa mzigo mkubwa wa setilaiti, lakini kanuni haijabadilika: ukikodi seva, kodi iliyo karibu. Kwa mchezo wa zamu kuchelewa kidogo hakuui. Sauti ndiyo huanza kukatikakatika. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu siku moja, ufundi wote wa chumbani ulikuwa ni kujua kwamba kosa halikuwa chumbani.

Mchezo ukifunguka, hasimami kuutazama. Hukagua kama ukurasa wa usimamizi wa ruta hauonekani kutoka nje, humwambia kijana aweke nenosiri kwenye meza, na humwonyesha jinsi ya kulizima agizo mchezo ukiisha. Programu nyingine, Foundry ikiwemo, zinaweza kuiomba ruta ifungue poti zenyewe kwa utaratibu wa UPnP. Yeye huuzima. Naona anazidisha, kwa sababu kwa familia nyingi utaratibu huo unaokoa simu za usiku wa manane. Tumebishana juu ya hilo na hajabadili msimamo.

Mwisho huomba daftari la shule, lolote lililo karibu, na kuandika: anwani ya laptopu, poti, TCP, jina la agizo, tarehe. Huliacha hapo hapo, juu ya ruta, ili safari ijayo asiitwe. Katika nyumba moja yenye anwani ya fungu lile la 100.64 aliandika mstari mmoja: "Hapa poti haifunguki mpaka kampuni itoe anwani ya wazi. Fundi akikwambia anaweza, usimlipe kabla."