Upande wa Pili wa Santuri

Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, Shirimatunda, hapa Moshi, haipitishi Jumamosi bila harusi. Maturubai hufungwa, ndafu huingizwa kwa shangwe, na saa fulani ya usiku wimbo wa "Harusi" wa Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70 lazima usikike. Kisha DJ anaukata. Hungoja ubeti mmoja au miwili, wageni waimbe kidogo, halafu huingiza wimbo mwingine kabla magitaa hayajapata nafasi ya kusema lao. Wengi hawaoni kilichopungua. Wachache wanaokereka ni wale waliowahi kuifuata bendi moja miaka thelathini au arobaini, na hadhi yao ndiyo ninayotaka kuitetea. Ushabiki wa namna hiyo ni ufundi. Una uanafunzi wake na viwango vyake, na unatutoka mikononi bila hata kutajwa pamoja na useremala au ususi.

Anayedhani kusikiliza ni kukaa tu na aitazame santuri ndogo ya wakati wa Afro 70. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa sahani, kwa hiyo mara nyingi uligawanywa: upande wa kwanza uimbaji na kisa chake, upande wa pili chemko, pale sauti za waimbaji zinapopungua na gitaa la solo, la ridhimu na besi yakaanza kujibizana. Kulifikia chemko kulidai mtu ainuke, ainyanyue sindano, aishike sahani kwa kingo zake, aifute vumbi na kuigeuza. Ule ukimya mfupi wa katikati ulikuwa sehemu ya wimbo. Msikilizaji alibaki na swali lililoachwa na waimbaji, akajiandaa kusikia magitaa yatalijibu vipi. Tena sahani yenyewe ilikuwa ya kutunzwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, nyingi zilitoka Nairobi, na kwa mtu wa Moshi Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Lakini Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Kwa kipindi chote hicho, santuri iliyokwaruzika ilikuwa hasara isiyofidika kirahisi.

Shule hiyo ndiyo iliyozaa masikio ninayoyasifu. Shabiki wa siku nyingi hakuhitaji kutajiwa jina la bendi. Aliitambua kwa mtindo wake, akaitenga saboso ya Western Jazz na afrosa ya Afro 70 kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwimbaji Hassani Bitchuka alipohama kati ya bendi za Msondo na Sikinde, mashabiki walijua si tu kwamba ameondoka, bali pia sauti gani ya pili imebaki na pengo nyuma yake. Mwanamuziki anayejua kwamba wasikilizaji wa namna hii wapo ukumbini hawezi kupiga ovyo.

Wapo watakaosema kwamba magitaa yale ya umeme, hasa yaliyoelekea kwenye roki ya saikedeliki, hayakuwa yetu, na kwamba kuyasifu kama urithi ni kujidanganya. Hofu hiyo ni ya siku nyingi: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja inayofanana. Lakini sikiliza Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Kinanda na gitaa lake vina ukali wote wa roki, na bado kuna wimbo uitwao "Enzi za Utumwani", jambo lililowahusu watu wa pwani yetu kuliko kijana yeyote wa London. Afro 70, iliyotuwakilisha kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, haikuishia hapo. Kabla miaka hiyo ya sabini haijaisha ilirekodi pamoja na Archimedes Badkar, bendi ya Uswidi, albamu yenye jina la Kiswahili: Bado Kidogo. Waswidi wale hawakuja kumfundisha Balisidya roki. Walikutana naye kama fundi na fundi.

Pingamizi zito zaidi ni la simu. Leo kijana wa Shirimatunda anaweza kusikia kwa dakika moja nyimbo ambazo baba yake alizitafuta mwaka mzima. Kwa nini basi tuombolezee sahani na sindano? Ni kweli, na wala sioni fahari katika uhaba. Ila simu hutoa kile tu ambacho mtu fulani alikihifadhi. Ave Africa ya Sunburst, iliyorekodiwa Zambia mwaka 1976, ilitolewa upya na kampuni ya Strut ya London mwaka 2016, miaka arobaini baadaye. Katika miaka hiyo yote nakala za mwanzo zilikuwa mikononi mwa watu walioona vibaya kuzitupa. Nyimbo nyingine za dansi zilibaki kwenye kanda za Radio Tanzania, na kanda huchakaa. Mashine haijui ni lipi la kuokoa kwanza. Anayejua ni yule aliyesikiliza muda mrefu kiasi cha kutofautisha rekodi njema na ya kawaida. Tukishampoteza huyo, wingi wa nyimbo utatuzidi, na DJ ataendelea kukata palepale kwa sababu hakuna atakayemwambia kwamba kuna upande wa pili.

Balisidya alifariki mwaka 2004, na angalau "Harusi" inaimbwa nusu. Moshi ina mtu wake aliyemtangulia: Frank Humplick, mzaliwa wa hapahapa, aliyerekodi miaka ya 1950 akiimba na dada zake. Katika harusi za Desemba hii, chini ya mlima aliouona akikua, jina lake halitatajwa hata kwa ubeti mmoja.