Picha ya ubongo si video: tunaufuatiliaje ugonjwa wa ALS?

Bila shaka umewahi kuiona ile picha ya ubongo yenye nyuzi nyekundu, kijani na buluu, kama nywele zilizosukwa. Inavutia kweli. Lakini leo hebu tuitazame kwa jicho la mkaguzi, hasa inapotumika kufuatilia ALS, ugonjwa unaoua niuroni za mwendo.

Niuroni hizi ni za aina mbili. Za juu hutoka kwenye gamba la ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo. Za chini hupokea kijiti hapo na kukifikisha kwenye misuli. Zikifa, misuli hukonda na kulegea, na mwishowe hata ile ya kupumua. Wagonjwa wengi hufariki kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze. Stephen Hawking, aliyeishi na ugonjwa huu zaidi ya miaka 50, ni mfano wa nadra mno.

Kipimo kinachotumika sana kwenye majaribio ya dawa ni dodoso, ALSFRS-R: maswali 12, jumla ya alama 48. Unaweza kuandika? Kumeza? Kupanda ngazi? Ni rahisi kutumia, ila alama zinaposhuka niuroni nyingi zimeshakufa. Ndiyo maana watafiti wanataka kuutazama ubongo wenyewe.

Mwaka 2013 Johannes Brettschneider na wenzake walichunguza ubongo wa wagonjwa waliokwisha kufariki, wakapendekeza kwamba protini ya TDP-43 iliyoharibika husambaa kwa hatua 4. Mwaka 2014 Jan Kassubek na timu yake ya Ulm, Ujerumani, wakazitafuta hatua hizo kwa watu walio hai. Walitumia aina ya MRI inayopima jinsi maji yanavyosogea ndani ya ubongo: nyuzi nzima huyaelekeza upande mmoja, zilizoharibika huyaacha yasambae ovyo.

Niseme wazi, naipenda kazi hii. Hawakuvua samaki gizani. Walijua mapema waangalie njia zipi na kwa nini. Hata hivyo, nina mashaka matatu kuhusu safari nzima ya kugeuza picha kuwa kipimo.

La kwanza ni muda. Mtu hufa mara moja tu, kwa hiyo hatua zinazotokana na maiti hupatikana kwa kupanga watu tofauti kwenye mstari. Ni kama kuwapiga picha wanafunzi wa darasa la 1 hadi la 7 siku moja, kisha useme umemwona mtoto akikua. Huenda uko sahihi, lakini mtoto mwenyewe hujamwona. Dawa ya shaka hii ni kumpiga picha mtu yuleyule tena na tena.

Hapo ndipo shaka la pili linapoingia. Ukiwa na misuli dhaifu ya kupumua, kulala chali ndani ya mashine kwa muda mrefu si mchezo. Wengine hawawezi kabisa. Basi wanaorudi kwa picha ya pili na ya tatu ni wale ambao ugonjwa wao unakwenda polepole. Tukiwahesabu hao tu, tutajidanganya kwamba ALS ni mpole.

La tatu: picha ya ubongo haioni niuroni za chini. Mkono unaweza kuendelea kudhoofika huku picha ikibaki vilevile. Isitoshe, tofauti inayoonekana kwenye wastani wa kundi haimwambii daktari mengi kuhusu mgonjwa mmoja aliyeketi mbele yake.

Wakati huohuo damu imetangulia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kwa njia ya haraka dawa ya tofersen, kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya SOD1, kwa sababu ilishusha niurofilamenti, mabaki ya niuroni zinazoharibika. Damu unaweza kuitoa ukiwa umekaa kwenye kiti cha magurudumu. Ila haikuambii uharibifu uko wapi, na hapo picha bado ina kazi yake.

Kwa hiyo ukikutana tena na ubongo wa rangi rangi, uliza: ni watu wangapi waliopigwa picha zaidi ya mara moja? Nani hakurudi, na kwa nini? Kipimo kinachowaacha nje wagonjwa waliozidiwa kinaweza kuisifia dawa isiyofanya kazi, na kwa mtu mwenye miaka michache mbele yake, kosa hilo ni ghali mno.