Tumpime Kwity Paye kwa Mikono Yake

Kwity Paye alizaliwa mwaka 1998 katika kambi ya wakimbizi nchini Guinea, mama yake akiwa amekimbia vita vya Liberia. Kwa sababu hiyo tu vijana wa hapa wakisikia jina lake wanasema "huyo ni wetu", kabla hata ya kujua anacheza mchezo gani. Sawa, ni wetu. Lakini leo nataka tumpime kama mchezaji. Turudi mwanzoni mwa mwaka 2021, alipokuwa anatoka Chuo Kikuu cha Michigan kwenda kwenye drafti ya NFL, tujiulize: alistahili kuchaguliwa wapi, na kwa nini?

Tuelewane kwanza. Drafti hii si ile ya vizibo tunayocheza chini ya mti. Hapa timu za futiboli ya Marekani zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu, na anayeitwa mapema analipwa zaidi. Paye ni mkabaji wa pembeni. Kazi yake ni kulipita jitu linalomzuia, halafu amwangushe mrusha mpira kabla mpira haujatoka mkononi. Ana kama sekunde tatu, basi.

Mwili alikuwa nao. Kilo 118, kimo karibu mita 1.9. Alikimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kwa muda usiofika sekunde 4.6. Chuma cha kilo 102 alikinyanyua mara 36. Kabla ya msimu wa 2020 mwandishi Bruce Feldman alimweka namba moja kwenye orodha yake ya wachezaji wa vyuo wenye miili ya ajabu.

Ila mwili ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine. Msimu wa 2019 aliangusha warushaji mara 6.5. Hiyo nusu inatokea pale wawili wanapomwangusha mtu pamoja, kila mmoja anapewa nusu yake. Msimu wa 2020, ule wa korona, alicheza mechi 4 tu na kuangusha mara 2. Kiukweli hizo si namba za kutisha. Na ukimtazama akicheza unaona sababu. Hatua yake ya kwanza ni ya haraka, ana nguvu ya kumrudisha mtu nyuma, na mpinzani akikimbia na mpira upande wake hapiti kirahisi. Tatizo ni mikono. Akizuiwa kwenye jaribio la kwanza, mara nyingi hakuwa na la pili. Mkabaji hodari ni kama mcheza drafti wa vizibo: wewe unaangalia hatua ya kwanza, yeye ameshapanga ya tatu.

Kwa hiyo mimi ningemweka raundi ya kwanza, lakini si juu kabisa. Indianapolis Colts walimchukua akiwa wa 21, na naona walipima vizuri. Misimu yake minne ya kwanza aliangusha mara 4, 6, 8.5 na 8. Huyo ni mtu wa kutegemewa ambaye anapanda polepole. Katika drafti hiyo hiyo Micah Parsons alichukuliwa wa 12 na Dallas, na msimu wake wa kwanza tu aliangusha mara 13. Nyota ni yule.

Kinachonikera ni namna habari za Paye zilivyokuwa zikiandikwa. Kambi, vita, mama aliyekimbia, halafu hapo hapo mwandishi anaruka: ndiyo maana kijana huyu ana moyo wa kupambana. Hapo napinga. Paye aliondoka Guinea akiwa na miezi 6, akalelewa Providence, Rhode Island. Mtoto wa miezi 6 hajifunzi uvumilivu, anajifunza kukaa. Aliyevumilia ni mama, aliyehangaika na kazi zaidi ya moja ili mwanawe asome. Paye mwenyewe analijua hilo: alipochaguliwa tu, alitangaza kwamba mama yake sasa amestaafu. Ukichukua jasho la mama ukalifanya alama za mwana, umemnyima mama haki yake. Na mwana pia umemficha, maana hakuna tena anayeuliza kuhusu mikono.

Nasema haya kwa sababu hapa kambini tunaishi nayo. Fomu ya ufadhili inakuja, swali kubwa ni "eleza uliyopitia". Kijana anajua hesabu kweli kweli, lakini wenzake wanamshauri aongeze machozi. Mwenzake aliyezaliwa hapa hapa, hajawahi kusikia risasi, anabaki ameshika kalamu hana cha kuandika, wakati labda yeye ndiye bora darasani. Mtu atasema hadithi ya mateso inafungua mlango. Ni kweli, inafungua. Ila ndani ya mlango kuna mtihani, na mtihani haukuulizi ulikimbia lini.

Ndugu zetu wa mashirika, mkitaka kutusaidia, ongezeni swali moja kwenye hizo fomu: unaweza kufanya nini, na nani amekuona ukifanya? Nanyi vijana wenzangu, msione haya kutaja mnachokosa. Paye alichukuliwa na mapungufu yake yakijulikana, na makocha wakajua pa kuanzia. Mimi nikiombwa barua ya kumtambulisha kijana, nitaandika magoli aliyofunga, hesabu alizokosa, na siku alizofika mazoezini. Ya vita atayasema mwenyewe, akitaka.