Masafa mafupi yafikayo mbali: Istilahi inayopotosha

Mijadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huhusu maneno tusiyokuwa nayo. Leo ninataka kuhakiki neno tulilo nalo tayari, ambalo limebebeshwa mizigo mitatu kwa mpigo. Neno lenyewe ni masafa.

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni umbali. Masafa ya kutoka Bumala hadi Malaba ni jambo ambalo dereva yeyote wa matatu atakueleza. Lakini watangazaji wetu hulitumia pia kwa idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, wanaposema kituo fulani kinasikika katika masafa fulani ya FM. Kisha, katika masafa mafupi, ya kati na marefu, neno hilohilo linataja urefu wa wimbi lenyewe. Umbali, marudio na urefu: dhana tatu, neno moja.

Mkanganyiko unaozuka si mdogo. Mwambie mkazi wa Marachi kwamba redio fulani hutangaza kwa masafa mafupi. Kwa mantiki ya lugha yake, atadhani haivuki hata mto Sio. Kumbe ni kinyume! Mawimbi hayo hugonga tabaka la juu la anga na kurejea ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikorushwa. Ndivyo Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilivyotufikia kutoka London. Mitabendi ya 25 iliyotajwa na watangazaji wa enzi hizo ni wimbi la takriban mita 25, linalojirudia kama mara milioni 12 kwa sekunde, yaani megahezi 12.

FM nayo, kati ya megahezi 88 na 108, ina wimbi la mita tatu hivi na husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Mlima ukiizuia, imezuilika. Hapo ndipo utamsikia mtu mjini Busia akisema, "Hii redio inashika Uganda poa, Nairobi ndiyo haishiki," na mwenzake akijibu kwamba hata simu yake netiweki imevuka boda. Wote wawili wanasema kweli. Mnara ulio karibu ndio unaotamba, na wimbi haliombwi pasipoti.

Mfano mwingine umepanga foleni pale Malaba. Malori ya mizigo ya kupita hufungwa lakiri za kielektroniki zinazofuatiliwa kwa setilaiti. Mawimbi ya GPS ya megahezi 1,575 yana urefu wa sentimita 19 tu, lakini hutoka kwenye setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,000. Je, hayo ni masafa mafupi au marefu? Kwa istilahi tulizo nazo, jibu ni yote mawili, na istilahi inayotoa jibu la aina hiyo imeshindwa kazi.

Athari yake mbaya zaidi, hata hivyo, iko ziwani. Mvuvi wa Sio Port akitaka kununua sona ya kutafutia samaki, atakuta nyingi zina chaguo mbili: kilohezi 50 na kilohezi 200. Muuzaji akimwambia kwamba hii ya 200 ina "masafa makubwa zaidi", mvuvi atafahamu kwamba inafika mbali zaidi. Sivyo. Katika maji, sauti ya kilohezi 200 ina wimbi la milimita saba hivi. Huonyesha vitu vidogo kwa udhahiri lakini hufifia mapema. Ile ya 50, yenye wimbi la milimita 30, hupenya kina kirefu ila picha yake ni ya jumla. Kwa Ziwa Viktoria, ambalo kina chake hakizidi sana mita 80, ile ya 200 huenda ikatosha kabisa. Lakini mvuvi anastahili kuichagua kwa kuelewa, kwa kuwa fedha ni zake na lugha ni yake.

Wapo watakaopinga kwamba masafa yameshazoeleka redioni na mazoea yana taabu. Ni kweli, ila anayezungusha kitufe cha redio hahitaji kukokotoa chochote. Mwanafunzi wa fizikia anahitaji. Atagawanyaje kasi kwa masafa apate masafa?

Pendekezo langu si kuunda neno jipya. Masafa yabaki kuwa umbali. Urefu wa wimbi uitwe hivyo hivyo, na tuseme mawimbi mafupi, kama Waarabu wenyewe wasemavyo. Idadi ya mitetemo kwa sekunde tuiite marudio. Ndiyo, marudio ya kipindi yapo pia, lakini maana hiyo haipotoshi, kwani wimbi nalo hujirudia.

Inaelezwa kwamba neno bodaboda lilizaliwa papa hapa mpakani, kutokana na wabeba abiria wa baiskeli waliovuka boda moja hadi nyingine. Hakuna kamati iliyoliketia, na halijawahi kumpoteza abiria. Istilahi za wasomi zinapaswa kupimwa kwa kipimo hicho hicho.